Teodora na Nyongeza ya Serikali

Mwaka ule pamba ililala ndani ya nyumba na wenye nyumba wakalala jikoni. Teodora alikuwa ameijaza nyumba ya bati tangu sakafuni hadi karibu na mapao, sebule na vyumba vyote viwili, na mlango ukawa haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Yeye na binti yake Winnie walihamishia mkeka na mablanketi kwenye kibanda cha jikoni, na hata huko Teodora hakupata usingizi wa maana. Kutwa kucha alikuwa ametega masikio. Panya wakikimbizana juu ya pamba aliwasikia. Upepo ukigeuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani aliusikia. Jirani akichoma majani shambani kwake, Teodora alinyanyuka kwenda kuangalia cheche zinaelekea wapi.

Nyumba hiyo ilikuwa kando ya barabara itokayo Usagara kwenda kwenye kivuko cha Kigongo, na kila aliyepita alijua kwamba ndani mna pamba ya mwanamke aliyekataa kuuza. Wengine walimwonea huruma, na wengine walimcheka waziwazi. Mimi nasema waliomcheka walikuwa na haki yao, maana wakati huo hata yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kujiona mjinga.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mikono hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane. Katika kijiji kizima hakuna aliyeweza kuchagua pamba kama yeye. Wakati wa mavuno wenzake walichuma kwa haraka, wakasukumia ndani ya gunia majani makavu, maganda na pamba iliyoliwa na wadudu, halafu wakaomba Mungu karani asiingize mkono mpaka chini. Teodora alikaa uani akiwa amenyoosha miguu, pamba upande huu, kapu upande ule, akatenga moja moja: nyeupe kabisa ikawa safi, yenye madoa ya njano ikawa fifi. Karani wa chama cha ushirika alipofika kwenye magunia yake hakuwa akijisumbua sana. Aliandika safi, akaenda kwa mwingine. Na kwa kuwa serikali ndiyo iliyopanga bei, na pamba safi ikawa na bei yake na fifi bei yake, miaka yote hiyo ule uvumilivu wa uani ulilipa. Bati la nyumba lilitoka hapo, na maksai pia.

Maksai hao walikuwa wawili, Meneja na Diwani. Mumewe, Mayala, ndiye aliyewapa majina hayo kwa utani, kwamba mmoja anatembea kama bosi na mwingine haachi kulalamika. Kwa jina walikuwa mali ya Mayala, kama ng'ombe wote wa mji. Lakini aliyewafundisha nira ni Teodora, na shamba lao la ekari tano, lenye udongo mzito kule chini bondeni, halikuwa shamba la kulimwa kwa jembe la mkono na mama mmoja na binti yake. Waondoe maksai, na Teodora angerudi kulima kipande cha viazi nyuma ya nyumba.

Na Mayala alikuwa anataka kuwaondoa. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameoa mke mdogo, Kija, akamweka Busisi, ng'ambo ya kivuko. Teodora alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili. Mayala hakuwa amebatizwa, na dini aliipenda kwa mbali, kama mtu apendavyo mvua akiwa ndani. Huko ng'ambo, alisema, ardhi ni mpya, unapanda fimbo inaota. Huku kumechoka. Kila alipovuka kurudi alilisifia lile shamba la ng'ambo, na kila aliposifia alikuwa akiwatazama maksai.

Kabla ya mavuno alisema wazi. Walikuwa wamekaa uani, yeye anakunywa uji.

"Mama Winnie, mimi sigombani na mtu. Tutaitazama pamba ya mwaka huu. Ikileta kitu cha maana, maksai wabaki hapa. Isipoleta, nawavusha Busisi."

"Kitu cha maana ni kipi, baba Winnie?"

"Nitakiona nikikiona," Mayala akasema, akaendelea na uji wake.

Msimu wenyewe ndio ule wa kwanza ambapo serikali ilifungua milango, wafanyabiashara wakaruhusiwa kuingia vijijini kununua pamba pamoja na vyama vya ushirika. Dawa ya kunyunyizia, ambayo zamani chama kilitoa kwa bei iliyopunguzwa na serikali, sasa iliuzwa dukani kwa bei ya mwenye duka. Kuhusu pamba, watu waliambiwa wachague mnunuzi wanayemtaka. Wa kwanza kufika alikuwa Farouk, kijana wa Kiislamu kutoka Mabatini kule mjini, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Alikuja na lori, mizani ya kuning'iniza na fedha taslimu ndani ya mfuko wa rambo. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri na kulipa papo hapo, jambo ambalo chama kilikuwa kimekwisha kulisahau.

Teodora alimpelekea gunia moja la kujaribia. Farouk aliingiza vidole, akatoa kidonge cha pamba, akakitazama juani.

"Shikamoo mama. Pamba yako nzuri sana."

"Marahaba, baba. Ni safi hiyo. Hakuna fifi humo hata punje."

"Naiona, mama. Lakini mimi sichagui. Safi, fifi, vyote bei moja."

"Bei moja na ya Luhaga?"

Luhaga alikuwa jirani yake, na watu wote walijua kwamba magunia ya Luhaga mwaka ule yalikuwa na mchanga.

"Bei moja na ya yeyote," Farouk akasema kwa upole. "Kiwandani wanachanganya tu."

Teodora akabeba gunia lake akarudi nalo nyumbani. Alikuwa amekasirika kweli, na sitaki kumpamba: sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa kiburi. Lakini ilikuwapo hesabu pia. Kwa bei ya Farouk, ukiondoa dawa, kilichobaki hakikuwa kitu cha maana kwa macho ya Mayala, wala kwa macho ya mtu yeyote.

Jioni hiyohiyo mzee Chenge, katibu wa chama cha msingi, aliitisha mkutano gulioni. Alikuwa ametoka mjini Mwanza, vumbi la safari bado liko kwenye koti. Akawaambia kwamba serikali haijawatupa wakulima. Atakayeleta pamba safi chamani atalipwa bei ya chama, na juu yake serikali itaweka nyongeza, kwa kila kilo. Fifi haimo. Ila ghala limejaa, na malori ya kuihamisha pamba bado hayajapatikana. Kwa hiyo kila mtu akae na pamba yake nyumbani mpaka aitwe.

"Tutaitwa lini?" akauliza Luhaga.

"Karibuni," Chenge akajibu.

Watu wakacheka. Wengi wakaenda zao kumtafuta Farouk. Teodora alibaki, akaenda mpaka mbele ya katibu na kumuuliza kama nyongeza hiyo ameisikia au ameambiwa. Chenge akasema ameambiwa na wakubwa, mbele ya watu. Teodora akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaanza kuhamisha vitanda.

Kukaa na pamba si kama kukaa na mahindi. Mahindi unayala. Pamba inakula wewe. Taa ya chemli haikuingia tena ndani ya nyumba ile, wala mtu mwenye sigara hakukaribishwa uani. Upande wa chini wa kijiji nyumba ya mjane mmoja ilikuwa imeungua na mavuno yote kwa sababu ya kibatari, na moshi wake ulikaa siku mbili bila kukata. Tangu hapo Teodora alipika mchana, akamwaga maji kwenye mafiga kabla jua halijatua, akarudi kuyashika kwa kiganja ahakikishe yamepoa. Winnie, msichana wa kumi na nne mwenye akili yake, alimtazama mama yake akishika mafiga yaliyokwisha kupoa, akaenda kutandika mkeka.

Habari nazo hazikumpa nafasi ya kupumua. Leo mtu anatoka Usagara na kusema malori ya chama yameonekana. Kesho mwingine anasema chama kimekufa, makarani wameachishwa. Mara nyongeza ni ya mikoa mingine. Mara ipo, lakini imekwisha. Teodora alikwenda kwa Chenge, akarudi, akaenda tena. Mwishowe mkewe Chenge akimwona anakuja alikuwa anamwambia tangu mlangoni kwamba mzee hayupo, na viatu vya mzee vipo hapo mlangoni.

Luhaga naye, aliyekwisha kuuza na kununua redio, alipita kila asubuhi.

"Mwangaluka, shemeji. Serikali imeamkaje?"

"Salama," Teodora alijibu.

"Ikifika uniite, niisalimie."

Alikuwa hatukani, anatania tu, ndivyo mashemeji walivyo. Lakini Teodora akimaliza kujibu alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya nira, akawatazama Meneja na Diwani wakicheua. Alikuwa akijiambia kwamba angeuza siku ile ya kwanza angalau angekuwa na fedha mkononi za kumwonyesha mumewe. Sasa akija, atamwonyesha nini? Nyumba isiyoingilika?

Kisha mvua za vuli zikaja mapema. Zilianza mchana, bila hata kunguruma sana, na Teodora alikuwa shambani. Alikimbia kwa mwendo ambao mwanamke wa umri wake hakimbii. Bati lilikuwa zee, na tundu ambalo siku zote lilidondosha maji kidogo kwenye pembe ya sebule, ambapo zamani waliweka sufuria, sasa lilikuwa linadondosha juu ya pamba. Yeye na Winnie waliivuta nje iliyolowa, mikono kwa mikono, wakaipeleka kwenye kibanda cha jikoni. Jua lilipotoka waliianika kwenye majamvi. Teodora akapiga magoti, akaanza kuichagua upya. Nyeupe ilikuwa inageuka njano mbele ya macho yake. Safi ikawa fifi, na fifi haina nyongeza.

Hapo ndipo moyo wake ulipovunjika. Nalisema kwa kuwa baadaye watu walisimulia mengine. Alisikia lori la Farouk likipanda mlima kutoka Kigongo, akainuka kutoka kwenye jamvi, akafungua kanga aliyojifunga, akatoka mbio mpaka katikati ya barabara na kuipunga. Alikuwa tayari kuuza. Angeuza kwa bei ile, angeuza hata kwa pungufu yake, ili mradi alale usingizi.

Lori lilipunguza mwendo. Lilikuwa limejaa mpaka juu ya bodi, magunia yamefungwa kamba, na nyuma watu wamekaa juu ya magunia. Farouk akatoa kichwa dirishani.

"Nisamehe, mama. Sina hata nafasi ya kuku. Na njia hii nafunga leo, naelekea upande wa Magu."

Akapita. Teodora akabaki barabarani na kanga mkononi. Hakuna aliyemwona isipokuwa Winnie, na Winnie hakuwahi kumwambia mtu.

Wiki iliyofuata malori ya chama yakafika.

Yalifika mawili, machakavu, moja likisukumwa, lakini yalifika. Ghala likatolewa pamba ya zamani, na walioitwa wakaanza kuleta ya kwao. Walikuwa wachache. Wengine wote walikuja kutazama. Karani alikuwa mgeni, hakumjua Teodora, kwa hiyo alizamisha mkono kwenye kila gunia mpaka begani, akatoa pamba ya chini kabisa, akaikunjua. Gunia la kwanza safi. La pili safi. Alipokuwa anafika katikati alikuwa ameacha kuzamisha. Ile ya mvua Teodora mwenyewe alikuwa ameifunga pembeni, akamwambia karani hii ni fifi, usiisumbukie. Luhaga alikuwa amesimama karibu na mizani, akihesabu magunia.

Siku za kungoja fedha zilikuwa na wasiwasi kuliko zile za kungoja malori, maana sasa hata pamba yenyewe haikuwapo. Nyumba ilikuwa tupu na inatoa mwangwi. Mwishowe mzee Chenge alikuja kwa miguu, asubuhi, amevaa koti lilelile, na kabla hajasalimia alikuwa ameanza kutabasamu.

"Mama Winnie, imekuja. Bei na nyongeza, vyote. Ulivyosubiri wewe, hakuna mwanamume kijijini aliyeweza."

Teodora alikaa chini. Kisha akaingia kufunga kanga safi aende chamani.

"Ngoja," Chenge akasema. Alitazama pembeni. "Mwanachama ni Mayala. Nyongeza anapewa mwanachama. Mtumie habari avuke."

"Mzee, pamba nimeilima mimi. Nimeichagua mimi. Mayala hakuigusa hata punje."

"Nani asiyejua? Lakini sheria ya chama ni mwenye mji. Mwite, mama, usiniweke pabaya."

Teodora hakubishana sana. Kwa kweli, kwa saa ile hakuona ubaya. Alitaka Mayala aje aone. Alimtuma mchuuzi wa dagaa anayevuka kila siku, akampa na salamu ndefu, na kesho yake Mayala akashuka kutoka kivukoni amevaa shati la kupiga pasi.

Alilipwa mbele ya watu. Chenge alimpa mkono, akamwambia ana mke wa pekee. Mayala akasema anajua. Nyumbani Teodora alichinja jogoo, akasimulia yote: moto, panya, mvua, bati. Ya kanga barabarani hakuyasimulia. Watu walikuwa wamekwisha kumpa sifa ya uvumilivu, na ni nani anayerudisha sifa?

Mayala alikula akashiba. Jioni alikwenda peke yake mpaka shamba la bondeni, akachimbua udongo kwa kisigino, akauchukua mkononi, akaunusa. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa mchangamfu.

"Neno langu ni neno," akasema. "Kitu cha maana nimekiona. Maksai hawavuki."

Teodora alipiga magoti akashukuru. Siku hiyo alilala kabla ya Winnie, na jua lilimkuta bado amelala, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe.

Mayala alivuka kurudi ng'ambo, na baada ya siku chache alimtumia habari: kesho afunge maksai kwenye mkokoteni, awapeleke Kigongo, kuna mzigo. Teodora alimwambia Winnie kwamba hilo ni plau jipya. Baba yako ameona. Aliwapiga Meneja na Diwani brashi kwa maganda ya mahindi, akatandika majani makavu mkokotenini ili plau lisikwaruzike, akatembea mbele yao mpaka kivukoni, akiitikia salamu za njia nzima.

Kivuko kikafika. Magari yakashuka, kisha watu. Mayala alishuka na kitanda cha kamba kichwani. Nyuma yake alikuwepo msichana mwenye mtoto mgongoni na sufuria mbili mkononi. Nyuma yao wapagazi, na kabati, na mbuzi.

"Mama Winnie, huyu ni mdogo wako," Mayala akasema, akishusha kitanda. "Nimefikiri sana. Kuhangaika kote kule ng'ambo, kumbe mali iko huku. Pamba ya huku serikali inaijazia bei. Kwa nini niwe na miji miwili?" Akawapapasa maksai. "Atachukua shamba la bondeni. Wewe una lile la viazi, nyuma ya nyumba, usipate shida ya kutembea."

Kija akachuchumaa. Alikuwa na hofu, ilionekana mpaka kwenye shingo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Teodora akasema. Alimtazama mumewe. "Baba Winnie, ulisema maksai wabaki."

"Wamevuka?" Mayala akauliza, akishangaa kweli. "Si hawa hapa?"

Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa amemtimizia ahadi yake, kwa jinsi alivyoijua, na alingoja ashukuriwe. Teodora akashika kabati upande mmoja, Kija akashika upande wa pili, wakalipandisha mkokotenini.

Mvua iliponyesha tena ilikuwa wakati wa kulima, na Mayala akasema waanze na bondeni, udongo usije ukakauka. Kija hakujua kushika plau, na maksai hawakuijua sauti yake. Kwa hiyo Teodora ndiye aliyewafunga nira asubuhi, akalishika plau, akamlimia Kija ekari zote za bondeni, huku Winnie akiongoza mbele.